Zinki bado nene lakini mguu wa injini unaliwa, boti inalala mto Lukuledi

MamaPweza (Lindi)

Asalaam aleikum wote. Naomba wenye uzoefu wa maji ya huku kusini wanisaidie, maana fundi wangu na nahodha wangu wamenuniana siku ya nne sasa kwa ajili ya kipande cha zinki, kile kinachofungwa kwenye injini ili maji yakile badala ya mguu wake, yaani sehemu inayozama yenye propela.

Mimi nanunua pweza. Nina boti ya faiba ya mita 7 na injini ya kupachika ya nguvu farasi 40. Tunatoka Lindi mjini alfajiri, siku nyingine tunaelekea kaskazini hadi Mchinga, na bamvua ikiwa kubwa, miamba ikaachwa wazi na kina mama wakateremka na vijiti vyao, tunashuka kusini hadi Sudi. Mchana tunarudi. Huko kote ni chumvi tupu. Lakini boti hailali baharini. Mwaka jana kusi ilipoanza kupiga nilimwambia nahodha aingize ndani ya mto Lukuledi, upande wa kwenda Mingoyo, aifunge kwenye mikoko. Huko hakuna mawimbi, na kuna mzee anayelala hapo hapo na mitumbwi yake, hivyo wizi wa petroli umepungua.

Zinki ya chini ya kibano (kile kinachoishika injini nyuma ya boti) niliinunua mpya mwezi wa tano mwaka jana. Wiki iliyopita tumepandisha boti kuikwangua, yaani miezi kumi baadaye. Zinki iko vilevile. Pembe zake zote zipo, hata namba iliyochapwa inasomeka, ila imevaa ganda jeupe gumu kama lile la ndani ya birika linalochemshiwa maji ya kisima. Nahodha akafurahi: "Bosi, safari hii ulinunua kitu cha uhakika, hakijaliwa hata kidogo." Fundi hakumjibu. Akainama, akaukwaruza mguu wa injini kwa ukucha, rangi ikatoka kipande kizima kama ganda la muhogo uliochemshwa. Chini yake unga mweupe na vishimo. Kimojawapo kinaingia kichwa cha njiti ya kiberiti.

Fundi anasema mto ni maji baridi, ninunue anodi (yaani kipande cha kuliwa kama hicho) ya magnesiamu. Nahodha anasema ninunue zinki ileile kwa sababu inadumu. Shemeji yangu anayeyusha sufuria mbovu pale sokoni, anasema atanimiminia alumini kwa umbo lolote nitakalo, nimpe chai tu. Nimsikilize nani?

FundiShangani (Mtwara)

Waaleikum salaam dada. Zinki ni mbuzi wa kafara. Ukirudi jioni ukamkuta bado anatafuna majani, ujue kafara haijatolewa. Hiyo yako imekaa miezi kumi majini ikikutazama tu.

Natengeneza injini za boti hapa Mtwara mwaka wa 19 huu, na kila zinki ninayoitoa naiweka kwenye mizani ya dukani kwa mke wangu kabla sijaitupa. (Ananilalamikia kwamba sukari ya watu inanuka pwani. Sawa.) Naandika kwenye daftari: boti gani, inalala wapi, ilikuwa gramu ngapi, imerudi gramu ngapi. Boti zinazolala hapa kwenye ghuba ya Mtwara, chumvi mwaka mzima, zinki yao inafika nusu ndani ya mwaka na naibadilisha hapo hapo kwenye nusu, singoji ibaki bolti. Zile zinazolala kule chini ya Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma, narudishiwa zinki nene zenye ganda kama la kwako. Mwanzoni nilidhani ni zinki feki. Niligombana na muuza duka mmoja mpaka leo hatusalimiani vizuri, na kosa lilikuwa langu.

Ukiunganisha madini mawili tofauti na kuyazamisha kwenye maji ya chumvi umetengeneza betri. Mguu wako ni alumini, shafti ya propela ni stenlesi, na katika betri hiyo mguu ndio unaoliwa. Unapofunga zinki unaleta kitu kilicho dhaifu zaidi ili kiliwe badala yake. Kwa kipimo cha waya wa fedha kinachotumika majini, mguu wa alumini unacheza kwenye hasi 0.75 ya volti hivi, kutegemea mchanganyiko wake. Zinki iko hasi 1.03. Alumini ya anodi hasi 1.10. Magnesiamu inashuka hadi hasi 1.5 na ushee. Inayoshuka zaidi ndiyo inayoliwa kwanza.

Angalia zinki sasa. Tofauti yake na mguu haifiki theluthi moja ya volti. Baharini, kwenye gramu kama 35 za chumvi kwa lita, umeme unapita kwa ulaini na msukumo huo unatosha. Mtoni maji ni mabishi, msukumo uleule haufiki popote. Na kibaya zaidi, zinki ikikaa kwenye maji baridi inajivika ganda, na ganda likishakomaa hata ukiirudisha baharini asubuhi haiamki. Ndiyo sababu safari zako za Mchinga hazikukusaidia kitu.

Watu wengi wanachagua anodi kwa kuangalia boti inakwenda wapi. Wewe angalia inalala wapi. Unatembea saa sita, tuseme saba. Saa 17 zinazobaki mguu umezama Lukuledi.

Magnesiamu ya fundi wako ingekuwa sawa kama hapo ni maji baridi kweli, lakini mlango wa mto hauko hivyo. Kiangazi, maji yakijaa, chumvi inapanda hadi ndani ya mikoko, ndiyo maana mikoko ipo. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne mvua ikishuka, mto unakuja mwekundu na unaisukuma chumvi nje. Na ndani ya siku hiyohiyo maji yanajaa na kupwa mara mbili. Kwa maji yanayobadilika hivyo, na kwa boti inayotoka kila siku kwenda chumvi, nunua anodi ya alumini. Inafanya kazi baharini, inafanya kazi kwenye maji mchanganyiko, na ikilala kidogo kwenye maji ya mvua inaamka ikirudi kwenye chumvi.

Ila kabla hujatoa hela nijibu mambo matatu. Je, zinki ilikuwa imegusana na chuma kwa chuma, au kuna rangi chini yake? Zinki isiyogusa nayo hubaki nene, kwa hiyo unene peke yake hautuambii kosa ni lipi. Pili, mguu mmeupaka rangi gani? Tatu, nahodha huunyanyua mguu boti ikilala?

Mwinyi_Mikindani

Fundi na volti zako unatutisha. Wazee wetu walikwenda hadi Arabuni na hawakuwa na anodi. Mimi zinki zangu natengeneza mwenyewe, nachambua magamba ya betri za tochi, nayeyusha kwenye kikaango cha chuma, namimina kwenye mchanga. Bure kabisa. Mama, mpe shemeji sufuria afanye kazi.

FundiShangani (Mtwara)

Mwinyi, wazee walikwenda kwa tanga, mbao na deheni. Hawakuwa na mguu wa alumini wenye shafti ya stenlesi ndani yake. Ungewapa huo wangekuuliza zinki iko wapi.

Dada, sufuria usikubali. Alumini ya kawaida ikigusa hewa au maji inajifunga ngozi nyembamba inayoizuia isiliwe. Ndiyo maana sufuria inapikia miaka. Anodi inataka kinyume chake. Alumini ya anodi imechanganywa na zinki kiasi cha asilimia 5 na indiamu kidogo sana, kama asilimia 0.02, na hiyo indiamu ndiyo inayoizuia ngozi isifunge. Shemeji hana indiamu pale sokoni. Atakumiminia kipande kizuri sana cha kuzuia mlango.

Na betri za tochi, Mwinyi, tatizo ni kikaango. Zinki iliyoyeyuka inakula chuma. Ukiiyeyushia kwenye kikaango cha chuma unaiongezea chuma bila kujua, na chuma kidogo tu kinatosha kuilaza. Kipimo cha jeshi la Marekani kwa zinki ya boti, ambacho viwanda vingi vinakifuata, hakitaki chuma kizidi asilimia 0.005. Yaani gramu 5 katika kilo 100. Hebu itazame zinki yako: inaliwa au ina ganda?

Mwinyi_Mikindani

Ina ganda. Lakini nilidhani ni chokaa ya baharini.

NyasaKwetu (Mbamba Bay)

Habari za huko pwani. Sisi huku ziwani ni magnesiamu, zinki haina kazi. Nathibitisha alichosema fundi kuhusu kuchanganya maji. Mjomba wangu alinunua boti hapa, akaipakia kwenye lori ikashuka hadi Mtwara, akaitia baharini na magnesiamu zake za ziwani bila kuzibadilisha. Wiki ya tano alinipigia simu akidhani ameibiwa anodi. Zilibaki bolti na kipande cha bati la ndani. Na rangi karibu na zilipokuwa ilikuwa imevimba malengelenge.

Kwa hiyo mama ukiweka magnesiamu na ukaenda Mchinga kila siku, utakuwa unanunua anodi kama unavyonunua petroli.

Jarife_Kilwa

Mimi niongeze upande wa pili, maana humu kila mtu anaogopa anodi kuwa kidogo. Yangu ni mashua ya mbao, injini ya dizeli ya ndani, propela ya shaba nyeusi, shafti ya stenlesi. Kuna mtu aliniambia "ukiweka nyingi ndiyo salama", nikaweka zinki sita na kuziunganisha kwa waya na kila bolti inayotokeza nje. Mwaka wa pili mbao kuzunguka bolti zikawa laini. Unasukuma bisibisi inaingia kama kwenye mkate. Kwa juu kuna unga mweupe, ukiugusa kwa kidole kilicholowa unateleza kama sabuni. Kila nilipokalafati upya, pamba inatoka. Nilibadilisha mbao tatu. Nataka kujua kama ni zinki au ni mbao mbovu niliyouziwa.

FundiShangani (Mtwara)

Ni zinki, ndugu yangu, mbao usiisingizie. Mahali ambapo chuma kinalindwa, maji yaliyo karibu yake yanageuka kuwa kama magadi. Kinga ikizidi, magadi yanazidi. Na unajua maharage yanakuwaje ukiyatia magadi. Mbao yako imepikwa. Kwenye mbao weka anodi ya kutosha shafti na propela tu, bolti za shaba nyeusi zilizo ndani ya mbao ziache zijitegemee, usiziunganishe na waya, na magnesiamu usiilete kabisa.

Hili jambo la kuzidisha ni la zamani sana. Mwaka 1824 Humphry Davy, mwanasayansi wa Uingereza, aliombwa na jeshi la majini atafute dawa ya shaba iliyofunika matumbo ya meli zao, ilikuwa inaliwa na bahari. Akaifungia vipande vya zinki na chuma. Shaba ikaacha kuliwa kweli. Lakini shaba ilikuwa inawafukuza chaza na majani ya bahari kwa sababu ilikuwa inaliwa kidogo kidogo. Ilipoacha kuliwa meli zikaota ndevu, zikawa nzito. Jeshi likaviondoa. Nawasimulia hivi vijana wangu wa gereji wakitaka kufunga anodi nne pale panapotaka mbili.

MamaPweza (Lindi)

Shikamoo fundi, nimechelewa kujibu, pweza walikuwa wengi. Majibu haya hapa.

Kugusana: sijui, tutapima, nieleze namna. Rangi: nahodha aliupaka mguu rangi nyekundu iliyobaki ya chini ya boti, ile ya kuzuia chaza, kwa sababu ilikuwa imebaki nusu kopo na alikuwa hataki ipotee. Mguu kunyanyuliwa: hanyanyui. Anasema injini iliyonyanyuliwa inaonekana mbali na inawaita wezi.

Halafu duka moja la Dar limenitumia picha ya anodi ya alumini inayofanana na yangu. Muuzaji anasema inadumu mara tatu ya zinki. Ni kweli?

FundiShangani (Mtwara)

Marahaba dada. Nimesoma hapo kwenye nusu kopo nikaweka simu chini kidogo.

Rangi nyingi za kuzuia chaza zina shaba. Shaba juu ya mguu wa alumini, ndani ya maji, ni kumleta chui alale zizini. Soma kopo: ukikuta imeandikwa kuna shaba, basi vishimo vyako vina baba wawili, zinki iliyolala na rangi hiyo. Ikwangue yote kwenye mguu, tumia msasa wa maji, usitumie brashi ya waya ya chuma maana inaacha chembe za chuma ndani ya alumini. Osha kwa maji baridi, kausha, paka praima ya alumini halafu rangi ya injini. Chini ya boti yenyewe, kwenye faiba, rangi hiyo haina shida, ila iache upana wa vidole viwili kuzunguka kibano.

Kupima: chukua multimita (kile kipimo cha umeme), weka kwenye omu. Gusanisha ncha zake zenyewe kwanza, andika namba inayosomeka, huo ni ukinzani wa nyaya zake. Kisha ncha moja kwenye zinki, baada ya kukwaruza ganda hadi ung'ae, nyingine kwenye alumini tupu ya mguu. Namba ikiwa ileile au imezidi kidogo sana, kugusana kupo. Ikizidi omu moja, fungua, safisha kikalio na bolti, funga tena. Pima pia kati ya kibano na mguu, kuna waya mwembamba unaoviunganisha na mara nyingi umekatika bila mtu kuona. Na usipake rangi anodi, hata tone. Nimeshaletewa zilizopakwa vizuri sana, zinang'aa, zimefanana na injini.

Mara tatu ya muuzaji: kwa kilo ni kweli. Kilo moja ya zinki inatoa umeme wa kama ampea-saa 780, kilo ya alumini kama 2,500. Lakini wewe hununui kilo, unanunua umbo linaloingia pale. Zinki ina uzito karibu mara mbili na nusu ya alumini kwa umbo hilohilo. Ukipiga hesabu, kipande cha alumini cha ukubwa uleule kinabeba zaidi kwa kama moja ya tano tu. Bado ni afadhali, lakini usitegemee miaka mitatu. Inunue kwa sababu ya mto.

Ukibadilisha, badilisha zote. Kwenye injini nyingi kuna ya kibano, kuna kile kimkia juu ya propela (kama kwako ni anodi, weka alama kiliposimama kabla ya kukifungua, la sivyo usukani utavuta upande mmoja), na kuna vidogo ndani ya injini kwenye njia ya maji, nyuma ya vifuniko vyenye bolti moja moja. Hivyo vya ndani hakuna anayevikumbuka. Ukiacha zinki hapa na alumini pale, alumini itakuwa inailinda hata zinki.

Wezi siwezi kubishana nao. Lakini mguu ulio juu ya maji hauliwi na mto, na kunyanyua ni bure. Nahodha afunike injini kwa turubai chafu.

MamaPweza (Lindi)

Fundi, taarifa ya Jumapili.

Ncha zenyewe zilisoma 0.4, zinki na mguu zikasoma 0.4. Kibano na mguu 0.5. Kwa hiyo kugusana kulikuwepo, ganda ndilo lililotuponza. Tulipolikwangua zinki ikang'aa kama mpya, nahodha akaiomba aende nayo nyumbani, sijui ya nini. Kopo la rangi tumelisoma: shaba imo, ya kwanza kabisa kwenye orodha. Fundi wangu hakusema kitu, alimtazama tu nahodha, na wameanza kusalimiana.

Anodi za alumini za kibano na za ndani zimefika juzi na basi. Kimkia si anodi, ni alumini ya kawaida iliyopakwa rangi, tumekiacha. Za ndani ni mbili. Ya kwanza ilitoka, imebaki kama punje ya mhindi, kumbe hiyo ilikuwa inafanya kazi muda wote, nadhani kwa sababu ya maji ya bahari yanayobaki ndani tukirudi. Ya pili fundi alipozungusha bolti ikakatika, kichwa mkononi, mwili umebaki ndani ya kifuniko cha silinda. Tumetia mafuta ya breki usiku kucha, haitikisiki. Anaogopa kutoboa.

FundiShangani (Mtwara)

Asitoboe. Alumini ni laini kuliko bolti, keekee itateleza na kutoboa pembeni. Na hiyo ya kwanza umeisoma vizuri: ndani mnabaki na chumvi. Mkirudi mkiwa na pipa la maji ya bomba, isukutueni injini kila siku.

Fungueni kifuniko cha silinda chote, gasketi mpya muiagize kabla hamjafungua, kifungeni kwenye gunia na matambara, mpeni dereva wa basi la asubuhi la kuja Mtwara. Nitaipasha moto taratibu na kuizungusha mbele na nyuma mpaka ikubali. Nimezitoa nyingi, nimeshindwa mbili. Andika juu ya gunia kwa herufi kubwa kwamba si pweza, maana mara ya mwisho mzigo kutoka Lindi uliwekwa kwenye jokofu la mtu stendi.